Timu zikilingana pointi: magoli kwanza au hedi tu hedi (matokeo ya wenyewe kwa wenyewe)?

Hapa Kampala bado kuna watu wanasema Afrika Kusini walionewa kwenye CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, eti walimaliza na pointi 6 sawa na Algeria, wenyewe kwa wenyewe walitoka 1-1, sasa mbona wao ndo wakafungasha virago? Hakuna uonevu hapo. CAF, shirikisho la soka Afrika, inaanza na hedi tu hedi, hapo hakukuwa na mbabe, ikabidi iangaliwe tofauti ya magoli ya kundi zima, Algeria +3, Sauzi +1, kwisha habari.

Ila sisi wenyewe tuliponea chupuchupu. Uwanjani Namboole, tunacheza na Sauzi, wao wanaongoza 3-1, mechi ikiisha hivyo wao wana 8 na sisi Uganda Cranes tunabaki na 6 sawa na Algeria, ambao walishatutandika 3-0, yaani uende hedi tu hedi uende magoli tumekufa kote. Zile penati mbili za mwishomwisho ndo zikatupa 3-3, pointi 7 na kuongoza kundi!

Sasa wanaopenda hedi tu hedi hoja wanayo. Nimekufunga uso kwa uso, halafu unanipitaje kisa wewe ulimkuta kibonde ukamshindilia sita? Hata FIFA, ambao miaka mingi walikuwa wa magoli kwanza, Kombe la Dunia la 2026 wamehamia huko.

Mi kinachonikera ni zikilingana timu tatu. Watu wanapenda kusema hedi tu hedi ingeiokoa Algeria Kombe la Dunia 1982, pale Ujerumani Magharibi walipoifunga Austria 1-0 halafu wote wakaanza kupasiana tu maana matokeo yanawabeba. Haya piga hesabu: Algeria alimfunga Mjerumani 2-1, akapigwa na Austria 2-0. Kila mmoja ana ushindi mmoja, kwenye kajedwali ka hao watatu Austria ana +1, Mjerumani 0, Algeria -1. Algeria anatoka vilevile! Na kwa hedi tu hedi mechi zenyewe zinapoa, maana timu ikishashinda mbili za kwanza mara nyingi uongozi wa kundi umeshafungwa, kocha anapanga akiba mechi ya tatu, na anayekutana na hao akiba anapata mteremko ambao wenzake hawakuupata.

Kwa hiyo mi niko upande wa magoli kwanza, japo najua timu kama yetu ndo huwa inashindiliwa hayo magoli. Kwanza kwa hawa washindwa bora wa nafasi ya tatu huna pa kukimbilia, hawajakutana kabisa, utawapimaje zaidi ya magoli? AFCON ya Morocco Tanzania na Angola wote walikuwa na pointi 2, wote -1, Tanzania akapita kwa sababu amefunga matatu na Angola mawili. Na moja kati ya hayo matatu, msinikumbushe, alitufunga sisi.