Siku niliyonawa mikono kwenye bakuli la wenyewe

Mie tiki nilikuwa siijui. Jamaa mmoja wa kazini, mzungu, mtu mwema tu ila kunyamaza hajui, akaniambia wikiendi ile kuna mkusanyiko wa watu wa tiki San Diego, Marekani, wale wapenzi wa vibaa vilivyopambwa kama visiwa vya Pasifiki, njoo na mama watoto, mtajisikia mko nyumbani maana kuna minazi, kuna makuti, kuna mitumbwi. Ilikuwa Agosti. Nikasema eh, kumbe na hawa wana Nanenane yao.

Njia nzima tunapigwa historia. Ati pombe iliporuhusiwa tena Marekani mwaka 1933, jamaa mmoja aliyekuwa akizurura visiwa vya Pasifiki akafungua kibaa Hollywood, akakijaza mianzi na nyavu, biashara ikamkolea mpaka akabadilisha jina lake kisheria akajiita Donn Beach, na kinywaji chake kimoja kinaitwa Zombi alikuwa hamuuzii mtu zaidi ya glasi mbili. Akaja mwingine, Trader Vic wa Oakland, 1944 akachanganya ramu na ndimu na sharubati ya lozi akawapa rafiki zake waliotoka Tahiti, wakasifu kwa Kitahiti, ndo jina la Mai Tai likapatikana hapo. Donn naye akadai kinywaji ni chake. Na tiki yenyewe ni yale masanamu ya kuchonga, kwa Wamaori Tiki ni mtu wa kwanza kabisa kuumbwa. Nikamuuliza, sasa Wapolinesia wenyewe watakuwepo? Akakohoa, akaongeza sauti ya redio.

Tukafika hotelini. Jamani. Wazee wa miaka sabini wamevaa mashati ya maua, kina mama wamechomeka maua masikioni, na mke wangu kajitanda kanga yake imeandikwa HASIDI HANA SABABU, kila hatua anasimamishwa apigwe picha. Bibi mmoja akauliza hayo maandishi maana yake nini, mke wangu akamwambia, maana yake karibuni nyote. Bibi akajishika kifuani kwa uchungu, machozi yanamlenga.

Sasa hawa watu wana mtindo, usiku kila aliyepanga chumba anakigeuza kibaa halafu mnapita mlango kwa mlango mnakaribishwa. Chumba alichotupeleka jamaa yetu kitanda kimesimamishwa ukutani, kiyoyozi kimefunikwa makuti (ya plastiki, na wameyanunua kwa pesa nzuri tu, mie Pangani nimelala chini ya makuti bure miaka kumi na nane nikiomba Mungu anipatie bati), spika inatoa sauti ya mvua, na darini wametundika bunju. Bunju yule yule samaki! Kavimbishwa, kakaushwa miba yote nje, katiwa taa ya kijani tumboni. Kwetu bunju akiingia wavuni wavuvi wanamrudisha baharini na tusi juu, maana ana sumu. Hapa ni kandili.

Ukutani kulikuwa na picha ya mtumbwi wenye gogo pembeni la kuuzuia usipinduke, nikaropoka, ah, ngalawa! Wote wakageuka. Jamaa yangu akawatangazia kwamba mimi natoka pwani ya kweli ya bahari ya Hindi, nimekulia chini ya mnazi. Basi nikawa sheikh. Nakaa, wananitazama, nikinyoosha mguu wananitazama.

Kikaja chakula, sinia la mishikaki na mbavu za mchuzi mtamu na jiko dogo la moto katikati, wanaliita pupu, Kihawaii hiyo ni vitafunwa, na mimi kweli nilivila kwa pupa. Kwa mkono, ningefanyaje. Vidole vyote vitano vinanata mpaka kwenye viungo.

Hapo ndipo mwenye chumba akaleta bakuli.

Bakuli kubwa la udongo lina wasichana wamechorwa wanacheza, ndani mna maji ya barafu, vipande vya ndimu, na ua jeupe linaelea. Kaliweka mbele yangu, kajipiga kipaji, kasema dakika moja nimesahau kitu, katoka. Sasa niambie wewe uliyelelewa vizuri. Umemaliza kula nyama kwa mkono, mwenyeji kakuletea bakuli lina ndimu, kakuwekea mbele yako wewe mgeni wa heshima. Utafanya nini? Barafu ilinishangaza kidogo lakini Wamarekani barafu wanatia kwenye kila kitu. Rangi siioni, taa ni ya bunju. Harufu siisikii, nina mafua ya kile kiyoyozi siku ya tatu.

Nikasema bismillahi nikatumbukiza mkono wa kulia. Nikanawa kunawa kwa mtu aliyefunzwa na nyanyake, nikachukua kipande cha ndimu nikasugua kucha moja moja, nikapita katikati ya vidole, nikakung'uta. Kisha kwa adabu nikamsogezea mzee aliyekaa pembeni yangu.

Mzee kalitazama bakuli. Kanitazama mimi. Shingoni kavaa kidani cha lile sanamu la jiwe la kisiwa cha Pasaka, huko huko Pasifiki, baadaye nikaambiwa yumo kwenye mambo haya miaka na miaka. Akaweka glasi chini taratibu, akakunja mikono ya shati, akanawa. Na ndimu akasugulia kucha. Mkewe akafuata kafumba macho. Wa nne akajipaka na usoni. Chumba kimya, mvua ya spika inanyesha, nami nasema moyoni hawa watu wana heshima sana, tunawasingizia.

Mke wangu akaniinamia. "Baba watoto."

"Nini?"

"Hayo si maji."

"Kumbe ni nini?"

"We nusa mkono wako."

Nikaupandisha mpaka puani, nikavuta kwa nguvu zangu zote, pua ikazibuka. Ramu. Ramu na brandi na machungwa na lozi. Mtu niliyeacha pombe mwaka wa kumi huu nimeoga mpaka kwenye kiwiko!

Mlango ukafunguka, mwenyeji kaingia na mirija minne mirefu kama fimbo za kuchungia mbuzi, na mkono mwingine ana kibiriti. Kumbe bakuli lile ndilo Skopioni, watu wanne mnalizunguka kila mtu na mrija wake, na katikati lina kijishimo kama volkano, pale anamimina ramu ya asilimia 75 na ushee halafu anawasha. Mie nimeona kibiriti nikaona na mkono wangu unavyomeremeta. Nikaruka. Niliambiwa baadaye ramu ikishachanganywa na juisi na barafu haiwaki hivi hivi, lakini haya mambo ya kuelezana mngetueleza mapema. Niliruka juu, na juu yuko bunju.

Miba saba. Mke wangu alizihesabu akizichomoa bafuni, huku akisimama kila baada ya mwiba kucheka amejishika ukutani.

Nilipotoka na karatasi za chooni kichwani mwenyeji akaniuliza kwa unyenyekevu kabisa, samahani, hii ya mikono ni mila ya kwenu? Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilimtazama mzee, bado kainua viganja vyake hewani vikauke vyenyewe, uso umetulia kama katoka Makka. Nikasema ndiyo. Ni mila ya Pangani. Mwenyeji akatikisa kichwa, akatengeneza bakuli jingine, lile la kwanza akaenda kulimwaga kwa heshima chini ya mmea. Mmea nao ulikuwa wa plastiki.

Jumapili asubuhi tunapita kando ya bwawa la kuogelea kuelekea garini, mie na kofia kuficha mabonge. Tukamkuta mke wa yule mzee na kina mama kama sita wamelizunguka bakuli lenye maua, anawafundisha, anasugua kucha na ndimu.

Kwa mkono wa kushoto.

Nikasimama. "Twende," mke wangu akasema. Nikamwambia sikiliza, kaanza na kushoto. "Baba watoto twende garini." Nikamwambia siwezi, watu watasema Pangani hatukufunzwa, akanidaka shati lakini nilishavuka nusu ya bwawa, naita mama, mama samahani, wa kulia kwanza!