Naveen Patnaik na Chama Kisichokuwa na Mtu wa Pili

Wengi walioandika kuhusu anguko la Naveen Patnaik, aliyekuwa Waziri Kiongozi (mkuu wa serikali) wa jimbo la Odisha, mashariki mwa India, katika uchaguzi wa 2024 walidai kwamba wananchi wa jimbo hilo walimchoka tu, kwa kuwa miaka 24 madarakani ni mingi kwa kiongozi yeyote. Sikubaliani nao. Kwa maoni yangu aliangushwa na jambo lile lile lililomweka juu muda wote huo, yaani tabia yake ya kujitenga: alijitenga na wapinzani, akajitenga na wanachama wenzake, na kwa kiasi fulani akajitenga hata na lugha ya watu aliowaongoza.

Alizaliwa Cuttack mwaka 1946, mtoto wa Biju Patnaik, rubani na mwanasiasa aliyeshika uwaziri kiongozi wa Odisha kwa vipindi viwili, na ambaye mwaka 1947 alirusha ndege hadi Indonesia kumtorosha Sutan Sjahrir wakati nchi hiyo ikipambana na Wadachi. Kijana hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka siasa. Alisoma shule ya Doon, akaishi Delhi, akafungua duka la mavazi na kuandika vitabu, na ni kifo cha baba yake cha Aprili 1997 kilichomrudisha nyumbani akiwa na miaka 50. Mwaka huo huo alishinda kiti cha ubunge cha marehemu huko Aska, na mwezi Desemba kikaundwa chama cha Biju Janata Dal, ambacho jina lake tu lilikuwa kampeni tosha. Alipitia uwaziri katika serikali ya Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, kisha Machi 2000 akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Odisha.

Hapo ndipo vigogo wa jimbo walipofanya hesabu zao vibaya. Walimwona mtu mpole, mwenye kurta nyeupe na makubazi, asiyekijua sawasawa Kiodia, lugha ya jimbo hilo, ambaye hotuba zake zilibidi ziandikwe kwa herufi za Kilatini ili aweze kuyatamka maneno yake, nao wakaamini kwamba yeye angebaki kuwa jina na wao wangebaki kuwa serikali. Hata kabla ya kuapishwa alikuwa ameshamwengua Bijoy Mohapatra, mmoja wa waasisi wa chama, katika dakika za mwisho za kuteua wagombea. Mwaka 2012 Pyari Mohan Mohapatra, aliyekuwa mshauri wake mkuu, alituhumiwa kupanga kumpindua wakati yeye yuko London, na akafukuzwa chamani. Washirika wake wa BJP, chama cha Vajpayee chenye siasa za Kihindu, nao waliachwa kabla ya uchaguzi wa 2009, baada ya ghasia dhidi ya Wakristo wa Kandhamal mwaka 2008, na chama cha Patnaik kikashinda viti 103 kati ya 147 vya bunge la jimbo. Sijui wanasiasa wengi walioweza kuwatosa watu kwa sauti ya chini namna ile.

Kazi yake ambayo naiheshimu kuliko zote ni ya vimbunga. Oktoba 1999, miezi michache kabla hajaingia madarakani, kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya Odisha na kuua watu wapatao 10,000. Mamlaka ya maafa ya jimbo iliundwa mwishoni mwa mwaka huo, kwa hiyo sifa ya kuianzisha si yake. Sifa yake ni kwamba aliilea miaka yote bila kuigeuza kuwa mahali pa kugawia vyeo. Yalijengwa majengo imara ya kujihifadhi kando ya pwani, wanavijiji wakafundishwa kuyaendesha, na kila msimu mazoezi yakarudiwa. Kimbunga Phailin kilipofika Oktoba 2013, karibu watu milioni moja walikuwa wameshahamishwa, na waliofariki walihesabiwa kwa makumi. Mei 2019, Fani ilipotua karibu na Puri, zaidi ya watu milioni 1.2 walihamishwa kwa ving'ora, ujumbe wa simu, mabasi na polisi waliopita mlango hadi mlango. Watu 64 walipoteza maisha, msiba mkubwa kwa familia zao, lakini yeyote akumbukaye 1999 anaelewa tofauti yake.

Kwenye madini rekodi yake ina doa. Januari 2006 polisi waliwafyatulia risasi Waadivasi, yaani watu wa makabila ya asili, waliopinga kiwanda cha chuma huko Kalinganagar, na zaidi ya kumi wakauawa. Mlima Niyamgiri ulinusurika kuchimbwa kwa sababu Mahakama ya Juu iliwaachia wanavijiji uamuzi mwaka 2013, na vijiji vyote 12 vilivyoulizwa vikakataa. Serikali ya jimbo ilikuwa upande wa mgodi.

Sasa turudi kwenye chama. Kiongozi anayeondoa kila anayechomoza hujikuta amebaki na maofisa, na ofisa aliyebaki karibu kuliko wote alikuwa V. K. Pandian, mzaliwa wa Tamil Nadu, katibu wake binafsi tangu 2011, ambaye mwishoni mwa 2023 aliacha utumishi wa umma na kujiunga na chama. Katika kampeni za 2024 ilisambaa video ya Patnaik akihutubia huku mkono wake ukitetemeka juu ya meza, na Pandian, aliyeshika kipaza sauti, akiuondoa mkono ule usionekane. BJP hawakuhitaji hoja nyingine. Waliwauliza wapiga kura kama walikuwa tayari kutawaliwa na mtu wa nje, na Patnaik alipotamka kwamba Pandian si mrithi wake, hakuwa na jina lingine la kulitaja. Chama kilipata viti 51 dhidi ya 78 vya BJP, hakikuambulia hata kiti kimoja cha Bunge la taifa, na yeye mwenyewe alishindwa Kantabanji, akaokolewa na kiti chake cha zamani cha Hinjili.

Pandian alitangaza kuachana na siasa siku chache baada ya matokeo. Aprili 2025 chama kilifanya uchaguzi wa mwenyekiti: Patnaik, akiwa na miaka 78, alipita bila kupingwa kwa mara ya tisa.