Madaktari bingwa wetu wa kansa, kugundua mieloma kunaanzia huku maabara

Nafuatilia sana habari za tiba ya mieloma, hii kansa ya seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, ndani ya uloto wa mifupa, na kila nikisoma nafurahi halafu roho inaniuma. Nafurahi kwa sababu dawa zimepatikana kweli. Roho inaniuma kwa sababu hapa Mwanza na Kanda ya Ziwa yote mgonjwa anafika figo zishachoka, pingili za mgongo zishabonyea, na hapo hata umpe dawa ya aina gani unakuwa unahangaika na uharibifu uliokwisha kutokea. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni darubini na sampuli, kwa hiyo nitasema kwa upande huo bila kuficha: kwa mgonjwa wa huku, hatua kubwa iliyobaki siyo dawa mpya, ni kipimo cha kumgundua mapema, na nyie mabingwa ndo mna sauti ya kukidai.

Dawa tuzipe haki yake kwanza. Miaka ya 1960 mgonjwa alikuwa anapewa melfalani na prednisoni, na ikabaki hivyo hivyo muda mrefu sana. Mwaka 1999 madaktari wa Arkansas, Marekani, wakachapisha kwamba thalidomaidi inafanya kazi kwa mieloma iliyogoma dawa nyingine, dawa ile ile iliyosababisha watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Mwaka 2003 bortezomibu ikaruhusiwa kule Marekani, ikafuata lenalidomaidi, 2015 ikaingia daratumumabu, halafu 2021 na 2022 zikaja tiba mbili za CAR-T, yaani wanachukua seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, wanazibadilisha ziweze kuitambua alama ya BCMA iliyo kwenye seli za mieloma, wanamrudishia. Kuna utafiti unaitwa CARTITUDE-1, wagonjwa 97 waliokuwa wameshapita dawa karibu zote, walipewa mara moja tu, na theluthi moja hivi wakafika miaka 5 ugonjwa haujarudi. Mtu aliyefanya kazi na wagonjwa hawa anajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani. Na kwa mgonjwa mpya anayefaa kupandikizwa, utafiti wa PERSEUS ulionyesha ukiongeza daratumumabu juu ya dawa tatu za kawaida, baada ya miaka 4 asilimia 84 ugonjwa haujasonga mbele, wasioongezewa asilimia 68.

Na sisi hatujakaa tu. Mwaka 2021 Muhimbili walianza kupandikiza uloto, na wagonjwa wa mwanzo walikuwa wa mieloma hii hii. Shirika la Afya Duniani toka 2019 limeweka bortezomibu, lenalidomaidi, thalidomaidi na melfalani kwenye orodha ya dawa muhimu. India wanatengeneza lenalidomaidi ya bei ambayo familia ikijibana inaweza kuifikiria, na deksamethasoni, ile steroidi inayotumika pamoja nazo, ni rahisi toka zamani.

Sasa tuje huku kwenye darubini.

Fomu inakuja imeandikwa mzee, upungufu wa damu, angalia malaria. Napaka damu kwenye kioo, naiweka, na kabla sijafika hata kwenye hao wadudu wa malaria naona seli nyekundu zimejipanga kama sarafu zilizobebanishwa, na kioo kizima kina weusi wa bluu kwa nyuma ambao ukishauona huusahau, hiyo ni protini imejaa kwenye damu. ESR, yaani kasi ya seli nyekundu kuzama, inapita 100. Naomba ile sampuli ya kemia iliyobaki, protini yote iko juu sana, albumini, ambayo ni moja ya protini hizo, imeshuka, kreatinini inayoonyesha hali ya figo imepanda. Malaria hakuna. Nampigia simu dokta aliyeagiza, namwambia dokta huyu mzee fikiria mieloma, ananijibu mzee ni mvuvi wa visiwani, mgongo ni wa kazi, ameshapewa diklofenaki ya maumivu miezi na miezi. Simlaumu sana, ukishuka pale Mwaloni Kirumba asubuhi utaona watu wanavyobeba magunia ya dagaa na utaelewa kwa nini maumivu ya mgongo huku hayamshtui mtu. Lakini ndo hapo shida ilipo, kwa sababu mieloma inamwaga protini nyepesi, vipande vya kingamwili, zinazoziba figo, halafu juu yake tunamwekea diklofenaki inayoumiza figo zile zile, kwa hiyo tunakuwa tunausaidia ugonjwa. Wengine wanaanzishiwa dawa za TB ya mgongo bila kuthibitisha, na TB ya mgongo ipo kweli huku, sikatai, ila mzee ana upungufu wa damu, kreatinini iko juu, kalsiamu haijapimwa, mgongo unauma usiku, jamani hivyo vitu vikikaa pamoja si vya kupita.

Kuna ujanja mdogo ambao kila mganga wa kituo cha afya angeufahamu tungeokoa watu wengi. Chukua protini yote toa albumini. Ikibaki zaidi ya gramu 40 kwa lita, kuna kitu. Hakigharimu chochote cha ziada kama vipimo hivyo viwili vimeshafanyika, ni hesabu ya kutoa tu. Najua mtu wa Kanda ya Ziwa ataniambia hapa kwetu globulini, yaani hizo protini zinazobaki ukitoa albumini, zinapanda kwa kila mtu, VVU inapandisha, TB inapandisha, kichocho cha ziwani nacho kinapandisha, na ni kweli kabisa. Ndo maana inayofuata lazima iwe elektroforesisi ya protini, kipimo kinachozitenganisha protini za damu: VVU na kichocho vitakupa mwinuko mpana maana seli nyingi tofauti zinatengeneza kingamwili, mieloma itakupa mstari mmoja mwembamba umesimama peke yake maana ni ukoo mmoja wa seli unaotengeneza kitu kimoja. Sasa kama kipimo hicho mgonjwa anaandikiwa akakitafute mbali kwa hela yake, anarudi Ukerewe au Sengerema na karatasi mfukoni na hakifanyiki. Sampuli ya serumu, yale maji ya damu, inaweza kusafiri kwenye basi, mgonjwa akabaki kwake. Hilo linahitaji mpangilio na mtu mkubwa wa kulisukuma, ndo nasema mabingwa.

Halafu kuna hili la mkojo, linaniudhi kila wiki. Ile stiki ya mkojo inasoma albumini, protini nyepesi za mieloma haizioni vizuri. Mgonjwa kreatinini iko juu, stiki inasema hakuna protini, dokta anaandika figo ni za presha. Mieloma ya protini nyepesi peke yake inaweza isionyeshe hata ile protini nyingi kwenye damu, huyo ukimkosa kwenye mkojo umemkosa kabisa mpaka aje anahitaji kusafishwa damu.

Na mtu asinijibu kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Marekani kwenyewe watu weusi wanaupata karibu mara mbili ya wazungu, na wanaupata wakiwa na umri mdogo zaidi. Pamoja na hayo kwenye tafiti zao za dawa watu weusi ni wachache mno. Kwa hiyo tunavyoona huku wagonjwa wachache, mimi naamini hatuwaoni, siyo kwamba hawapo, wanakufa wameandikwa figo au wameandikwa TB.

Hata huko mbele kabisa tiba inakokwenda bado ni maabara inaongoza. Aprili 2024 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 12 kwa 0 kwamba kipimo cha mabaki ya ugonjwa, kile kinachotafuta seli moja ya mieloma kati ya laki moja au zaidi, kinaweza kutumika kupitisha dawa mpya haraka. Wenzetu wanatafuta seli moja kwenye laki, sisi uloto umejaa asilimia 60 ndo tunaanza kuuliza. Pengo hilo CAR-T haiwezi kuliziba.

Nikigundua mapema, mgonjwa wa Mwanza anaweza kutibiwa vizuri kwa vilivyopo. Bortezomibu mara moja kwa wiki chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa, ganzi na maumivu ya miguu yanapungua sana na dawa inafanya kazi ile ile, hilo linajulikana toka 2011. Deksamethasoni miligramu 40 kwa wiki, siyo yale madozi ya zamani ya siku nne nne yaliyokuwa yanaua watu. Asaikloviri ya kuzuia mkanda wa jeshi, aspirini kwa anayetumia lenalidomaidi damu isigande. Hakuna hata kimoja hapo cha kuonewa gere kwenye mkutano wa kimataifa, lakini kwa mgonjwa aliyewahi vinampa miaka.

La mwisho nawaomba kama mtu wa benki ya damu. Daratumumabu inashika pia seli nyekundu, mgonjwa akishachomwa kipimo cha kulinganisha damu kitagoma na kila chupa tutakayojaribu, na inaweza kuendelea hivyo mpaka miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Wagonjwa hawa wanaishiwa damu, wataongezewa tu. Tafadhali kabla ya dozi ya kwanza tuleteeni sampuli tupime kundi na antijeni zake nyingine muhimu, zile alama za seli nyekundu, tuandike kwenye faili, na kwenye fomu mtuandikie kabisa kwamba yuko kwenye daratumumabu, msituache tukahangaika usiku wa manane kutafuta damu ya mtu ambaye damu yake ipo kwenye friji.