Kabila kwenye sensa: Kenya wanauliza, Tanzania hatuulizi

Karani wa sensa akibisha hodi Kisumu atauliza kabila. Akibisha Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilohilo, swali hilo halimo. Tanzania ililiuliza mara ya mwisho 1967. Kenya waliliuliza tena 2019, walipohesabiwa watu 47,564,296.

Wanaolitetea hutaja sheria ya Kenya ya 2008 ya uwiano na utangamano, inayokataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja kutoka jamii moja. Hoja hiyo hainishawishi sana: kujua nani amejaa ofisini, daftari la wafanyakazi linatosha. Sensa inafaa kumtafuta ambaye hayumo kabisa. Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, waliofika enzi za mkoloni kufanya kazi mashambani, waliishi miongo mingi bila uraia hadi walipoanza kupewa vitambulisho 2017. Miaka miwili baadaye sensa ikawaandika kwa jina lao: watu elfu tatu na ushei. Jamii ndogo namna hiyo, utafiti wa sampuli ungeipita bila kuigusa.

Kwa makabila makubwa mambo ni mengine. Takwimu zikitoka tu, wanasiasa wanajumlisha Wakikuyu na Wakalenjin wapate kura, ilhali waliohesabiwa ni pamoja na watoto wachanga. Na idadi inapobeba majimbo na mgao wa fedha, kila upande unashuku hesabu ya mwenzake. Baada ya sensa ya 2009, serikali yenyewe ilikataa matokeo ya wilaya nane za Turkana na kaskazini mashariki, ikisema ongezeko lake halielezeki kwa vizazi na vifo.

Basi Tanzania tumesalimika? Si kabisa. Dini nayo haiulizwi, na mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilihimiza watu wasuse sensa kwa sababu hiyohiyo. Pasipo takwimu, kila mtu ana asilimia zake za mfukoni, na hakuna wa kumsahihisha.

Hata hivyo, kwetu nisingelirudisha swali la kabila. Hakuna sheria wala bajeti inayolisubiri jibu lake. Kenya nisingelifuta, kwa ajili ya hao wa Kwale. Ningebadili fomu tu: mtoto wa Mluhya na Mkamba aruhusiwe kuandikwa kote kuwili, au asiandikwe popote akitaka. Jumla zitazidi idadi ya watu, na wapiga hesabu za kura watapata tabu kidogo.