Folda Zangu Zimeenda Wapi?

Ukumbi umejaa, projekta inawaka, mimi ndiye msemaji. Nachomeka flashi, naifungua: folda hamna! Mahali pake pamekaa vijifaili vya njia ya mkato, kila kimoja KB 1 au 2, vimejivika majina ya folda zangu. Lakini Windows yenyewe inasema flashi hiyo ya GB 16 imeshatumika GB 11. Mzigo upo, umejifungia tu ndani.

Kirusi cha flashi, kile cha siku zote. Hakifuti kitu. Huziwashia folda alama mbili, H ya kufichwa na S ya mfumo, halafu kinatega njia za mkato. Ukiibofya moja, umekiendesha chenyewe. Sikubofya, ingawa kidole kiliwasha.

Nikaiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa. Wapi! Chenye H na S kwa pamoja huhesabiwa faili ya mfumo inayolindwa, na hiyo ina tiki yake nyingine. Kwenye sifa za folda nako, kisanduku cha kuficha kimefifia, hakibofyeki. Basi nikafungua dirisha la amri, kifua mbele, niitoe H kwenye folda ya Mkutano (F: ndiyo flashi yenyewe):

attrib -h F:\Mkutano

Ikanigomea. H haitoki peke yake wakati S bado imewaka. Lazima zitolewe kwa mkupuo mmoja. Nyuma kule mtu akakohoa, kikohozi kile kisicho cha mafua. Nikaandika upya:

attrib -r -s -h F:\* /s /d

-r huondoa alama ya kusomwa tu, /s huipeleka amri hadi folda za ndani kabisa, /d huiambia iguse na folda zenyewe, si faili tu. Ukiisahau /d, faili zinafunguliwa huku folda zimebaki mafichoni, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakaiformati flashi nzima. (Kompyuta yako ikiwa na kirusi hicho, kisafishe kwanza, la sivyo kitazificha tena kabla hujakaa sawa.)

Folda zikarudi zote. Makofi!

Ila alama hizi haziandiki popote ni nani aliyeziwasha. Miaka miwili nyuma kuna folda niliificha mwenyewe, kwa H na S hizohizo, nikajiona fundi. Amri haikubagua. Ikaketi juu kabisa ya orodha, kwenye ukuta wa mita tatu: "AAA Naimba Bafuni".

"Mwalimu," akasema mama mmoja wa mstari wa mbele, "tuanze na hiyo."