Kompyuta ya 486 ibaki 486

Kuna mtindo unaoniudhi. Mtu anapata kompyuta ya mezani ya miaka ya tisini, ile ya bati zito yenye kitufe cha Turbo mbele. Anang'oa kila kilichomo, anapachika mazabodi (ubao mkuu wa saketi) mpya na feni za taa, kisha anaweka picha mtandaoni na kuandika kwamba ameifufua mashine ya zamani. Hajaifufua. Ameizika, akabaki na nguo zake.

Sipingi kuongezea mashine kongwe uwezo. Nafanya hivyo mwenyewe na ninaona raha kubwa. Ila nina sharti moja ambalo silegezi: kila ulichoongeza uweze kukitoa kesho kwa bisibisi, na mashine ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukishatoboa bati au kukata nyaya za asili, unatengeneza kitu kingine, na afadhali ukiite kwa jina lake.

Naizungumzia 486, kompyuta inayoitwa kwa jina la prosesa yake, kwa kuwa ndiyo ninayoijua vizuri. Kampuni ya Intel iliitoa prosesa hiyo mwaka 1989 ikiwa na transista milioni 1.2, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya kilobaiti 8 ndani ya prosesa, pamoja na kitengo cha hesabu za desimali ambacho kwenye 386 iliyoitangulia kilikuwa chipu ya kununua pembeni. Tanzania, ambako serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, ilianza kuziona kwa wingi maofisini miaka ya 1990, na 386 na 486 zilikuwa miongoni mwa hizo. Barua zilichapwa kwa WordPerfect, mishahara ikapigwa kwa Lotus 1-2-3, orodha za wateja zikakaa kwenye dBase. Baadhi ya mashine hizo bado ziko stoo za shule na misheni, chini ya marundo ya mafaili, na huko ziliko zinaendelea kuharibika ingawa hakuna anayezigusa.

Kinachoziharibu ni betri. Mazabodi nyingi za 386 na 486 zina betri ya nikeli-kadimi ya volti 3.6, pipa dogo lililolehemiwa kwenye ubao, mara nyingi karibu na soketi ya kibodi. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati mashine imezimwa. Ikizeeka inavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba, yanatambaa chini ya chipu, yanapanda hadi kwenye soketi za kadi. Ukikuta unga wa kijani au buluu kwenye kona ya ubao, ujue kazi imeshaanza. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu nayo inaongezea yake.

Yale majimaji ni alikali, si asidi, na hapo watu wengi wanakosea dawa. Kata betri, kisha pitisha siki nyeupe kwa mswaki laini mpaka iache kutoa mapovu. Suuza kwa maji safi, malizia na spiriti ili maji yaondoke, halafu acha ubao ukauke vizuri, hata siku kadhaa. Baada ya hapo chukua mita ya kupimia umeme, uifuate njia moja moja kutoka kwenye soketi ya kibodi. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Ni kazi ya kuinamia na inahitaji mwanga mzuri. Nasema wazi kwamba hapa ndipo unapomjua fundi anayeipenda mashine. Kununua prosesa kubwa ni suala la pesa tu.

Badala ya betri ile usilehemu nyingine ya aina hiyohiyo. Mazabodi nyingi zina pini nne za kuunganishia betri ya nje na jampa, kijiplastiki cha kuunganishia pini, ya kuichagua. Weka kishikio cha betri za kawaida, ukifunge mbali na ubao, ili siku zikivuja zichafue bati peke yake. Kama ubao hauna pini hizo na utaunganisha pale ilipokuwa betri ya zamani, weka diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu saketi ile ilijengwa kuchaji, na betri isiyochajiwa haitaki kupelekewa umeme.

Pawasaplai, kisanduku kinacholeta umeme ndani ya mashine, nayo inataka heshima. Zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 115 au 230. Ikiwa imekaa 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu, italipuka palepale, na nyingi za kompyuta za msaada zilifika zikiwa zimewekwa hivyo. Angalia swichi hiyo kabla ya jambo lolote. Kumbuka pia kwamba kwenye mashine hizi za aina ya AT, kitufe cha kuwashia kilicho mbele kinapitisha umeme wa ukutani wenyewe, si volti tano za kuchezea kama za leo. Plagi iwe nje kabla hujaingiza mkono. Na zile plagi mbili zinazoingia kwenye mazabodi, P8 na P9, zinafanana na zinaingia hata zikigeuzwa. Nyaya nyeusi za zote mbili zikutane katikati. Ukizigeuza unaiua mazabodi.

Mashine ikishawaka kwa utulivu, ndipo tuzungumze kuiongezea uwezo.

Cha kwanza ninachokubali bila kusita ni kuipumzisha diski. Diski za wakati ule zina mota na beringi zilizochoka, na ikifa inaondoka na kila kitu. Nakili kilichomo chote kwanza. Hesabu za ushirika au orodha ya wanafunzi wa mwaka 1994 hazipo mahali pengine popote. Kisha weka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash. Kadi hizi zinajua kuongea lugha ya IDE, ileile ya diski za wakati ule, kwa hiyo adapta yake ni ya nyaya tu na bei yake ni ndogo. Tatizo ni BIOS, programu ya ndani ya ubao inayoiamsha mashine. Nyingi za wakati huo zinahesabu silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512 kila moja, yaani takribani megabaiti 528, na hapo zinakoma hata ukiweka kadi ya gigabaiti 4. Ipo programu ya bure iitwayo XTIDE Universal BIOS inayovuka kikomo hicho. Unaiandika kwenye EPROM, chipu ya kuhifadhi programu, na kuichomeka kwenye soketi tupu ya kadi ya mtandao. Hakuna ulichokata, hakuna ulichotoboa. Diski ya asili unaifunga kwenye mfuko na kuiacha ndani ya kasha lilelile. Uboreshaji wa namna hii unanifurahisha sana.

Prosesa ni jambo lenye mjadala. DX2 ya 66, toleo la kasi zaidi la 486, ilitoka mwaka 1992: ubao unakwenda megahezi 33, prosesa yenyewe ndani inakwenda mara mbili ya hapo. Mwaka 1994 ikaja DX4 ya 100, kisha kampuni ya AMD wakatoa 5x86 ya 133. Watu wanakimbilia hizi za mwisho. Mimi nasema DX2 inatosha. DX4 inataka volti 3.3 wakati soketi nyingi za mwanzo zinatoa 5, na ukiipachika bila kipunguza volti unaichoma. Zaidi ya hapo, programu na michezo mingi ya miaka ile iliandikwa kwa mwendo wa miaka ile. Ukitaka kasi ya Pentium, iliyokuja baada ya 486, tafuta Pentium. Zipo tele na bei ni nafuu.

Ramu ni rahisi, mradi ujue kwamba vile vijiti vya pini 30 vinatoa biti 8 kila kimoja na 486 inasoma 32 kwa pamoja, hivyo vinakwenda vinne vinne. Megabaiti 16 ni utajiri kwa DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta za wakati ule, na Windows 3.11. Kuhusu plastiki iliyogeuka njano, wengine huipaka hidrojeni peroksaidi na kuianika juani. Mimi naiacha. Njano huweza kurudi, na plastiki ya miaka thelathini haihitaji mateso hayo.

Ninashikilia haya kwa sababu mashine hii inafundisha. Vijana wengi wanaosomea kompyuta leo hawajawahi kuona kompyuta ambayo mtu mmoja anaweza kuielewa yote. DOS inaanza na mafaili matatu: IO.SYS, MSDOS.SYS, COMMAND.COM. Kilobaiti 640 za kumbukumbu unazigawa mwenyewe kwenye faili la mipangilio, CONFIG.SYS. Ukiweka jampa ya kadi ya sauti kwenye IRQ 7, yaani namba ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa, inagombana na poti ya printa, na mwanafunzi anauona ugomvi huo kwa macho yake, kisha anaumaliza kwa kuhamisha kijiplastiki kimoja kwenda IRQ 5. Hakuna somo la ubaoni linalofikia hapo. Ningependa kila chuo cha ufundi kiwe na moja inayofanya kazi, na wanafunzi waruhusiwe kuifungua. Gharama ya programu si kisingizio, maana FreeDOS, iliyoanza mwaka 1994, ni ya bure na inaendelea kutunzwa hadi leo.

Ukiikatakata mashine hii, hasa ukiigeuza kuwa kasha la mashine ya kisasa, somo hilo linapotea. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wanapita kila mtaa, na prosesa za keramiki wanazitaka kwa ajili ya dhahabu iliyo kwenye miguu yake. Siwalaumu, ni riziki yao. Lakini dhahabu ya prosesa moja ni chembe tu, na ubao ule haujengwi tena popote.

Kinachokosekana zaidi kwa sasa si vipuri, ni makaratasi. Mazabodi nyingi zilizofika kwetu zilitengenezwa Taiwan bila hata jina la kiwanda juu yake, na bila kile kijitabu chembamba cha jampa huwezi kujua J14 inabadilisha volti au inabadilisha kasi. Kwa hiyo kama unasimamia stoo yenye kompyuta za namna hii, tafuta vijitabu hivyo kwenye droo na makabati kabla ya siku ya usafi. Vipige picha ukurasa kwa ukurasa pamoja na mazabodi yenyewe pande zote mbili, uziweke mtandaoni mahali ambapo yeyote anaweza kuzipakua. Simu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo.