Suruali haikuvuka yote

Jamani, kwa kuwa yule jamaa yangu (mnamjua, simtaji, mdomo wake ni honi ya meli) ameshatangazia Mwanza nzima kwamba nimevua suruali mbele ya Wamarekani, acheni na mimi niseme yangu. Haikuvuka yote. Iliishia magotini.

Habari ya viza yangu ya J-1, ya kwenda Marekani kujifunza kazi hotelini, mnayo. Msioijua: hukurupuki tu ubalozini. Kuna shirika la kule linalokudhamini, ndilo linatoa fomu ya DS-2019, ile ya kuombea viza, na kabla ya kuitoa linakuhoji lione kama Kiingereza chako kinatembea. Sisi wa hoteli mwisho miezi 12, fani nyingine zinafika 18. Usaili wangu ulikuwa wa video.

Kwangu Mabatini jirani anachomelea mageti. Jamaa akasema twende majabalini Capri Point: kumetulia, mtandao upo, ziwa nyuma yako. Akashika simu yangu mkono mmoja na yake mkono wa pili, eti "tuwe na kumbukumbu". Mimi nikakaa juu ya jiwe, shati jeupe, tai ya kuazima, suruali ya kaka ya harusini.

Mwanzo nilitiririka. Nikaeleza mpango wa mafunzo, ile DS-7002, mapokezi kwanza kisha jikoni, mpaka najishangaa. Ndipo yule mama wa shirika aliyekuwa ananihoji akauliza: mafunzo yakiisha, utafanya nini? Swali hilo nimelifanyia mazoezi hadi bafuni. Jibu ni moja tu, narudi nyumbani.

Nikafungua mdomo. Kitu kikagusa kifundo cha mguu. Nikadhani soksi.

Soksi ikapanda.

Mnawajua wale mijusi wa majabali yetu, dume kichwa chekundu, mwili wa bluu, watalii wanawapiga picha? Huyo. Akafika kwenye ugoko, akapumzika. Nikasema "mafunzo yangu yakiisha..." kwa Kiingereza safi, natabasamu. Akafika gotini. Makucha nayasikia moja moja. "...mimi nita..." Akafika pajani, akasita, akachagua kushoto. Wanaume wenzangu, nyamazeni kidogo.

Nikaruka. Nikapiga ukelele wa Kisukuma, "mayu wane!" (mama yangu!), Kiingereza chote kikabaki kwenye jiwe. Mkanda umegoma, naruka kwa mguu mmoja juu ya jabali, na yule mpumbavu badala ya kugeuza simu anasogea karibu ili nionekane vizuri! Suruali ikashuka. Ndani nina bukta ya zamani ya timu ya Pamba, imetoboka. Msiniulize imetoboka wapi.

Mjusi akatoka bila haraka, akapanda jiwe mbele ya kamera, akaanza kupiga pushapu.

Kimya. Halafu mama wa watu akauliza taratibu kama niko salama. Mimi, suruali magotini, nikamjibu lile swali la kwanza: nitarudi nyumbani, Mwanza, kufanya kazi.

Mengine mafupi. Alicheka, akaomba kumwona mjusi tena, akasema Kiingereza hakina shida. Fomu imefika. Bado ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wageni wa viza kama yangu) na safari ya Dar, ubalozini, ambako nasikia simu haziingii. Hiyo sheria naiunga mkono kwa mikono miwili.

Mlio na ile video, futeni. Mama mchungaji, najua na wewe unayo.